Kitanda Kilichokwenda Ogal

Magugu yalifika Dunga usiku wa Jumanne,
yakatandika zulia la kijani hadi kwenye vigingi vya nyavu,
na mashua yangu, Deni la Mwisho,
ikabaki mchangani kama ng'ombe aliyekataa josho.
Kule Ogal, walisema, maji bado ni maji.
Lakini Ogal ni safari ya barabara,
na mashua haina miguu.

Nilikuwa na trela. Niseme kweli: mzoga wa trela,
umelalia ubavu nyuma ya banda la Randiki,
kutu imeula hadi ukiugonga unajibu kwa vumbi,
kuku anaatamia pale palipokuwa na taa.
Nilikuwa pia na elfu sita, mia nne na hamsini.
Niliziandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto,
maana karatasi nyingine zote nyumbani
zilikwisha kujaa majina ya wanaonidai.

Ekseli ya Datsun niliipata Kamas.
Muuzaji aliapa kwa jina la mama yake kwamba haijapinda,
na mama yake, aliyekuwa akikaanga chapati hapo hapo,
akacheka mpaka akaweka mwiko chini.
Elfu tatu na mia mbili.
Beringi moja mpya, na moja "iliyotembea kidogo".
Magurudumu mawili yasiyo ndugu,
moja lina meno, jingine kipara.
Rola ni bomba la maji la inchi nne,
tulilolijaza zege iliyosalia kwenye choo cha kanisa.

Wangatia, fundi wa kulehemu, hupima kwa shubiri.
Alizunguka chasisi mara mbili, akavua miwani.
"Katikati hapa panataka chuma cha pembe,
futi sita, vipande viwili.
La sivyo utauacha mgongo wake kwenye matuta ya Otonglo."
Nikageuza kadi.
Upande mmoja: shilingi mia moja na themanini.
Upande wa pili: mtoto, miezi tisa, kilo nane na nusu.
Nikaugeuza tena, kana kwamba zingezaana.

Perez alikuwa akichambua omena, hakusema neno.
Aliinuka, akaingia ndani.
Nikasikia godoro likianguka.
Akatoka na ubavu wa kitanda begani,
akaulaza miguuni pa Wangatia, akarudi kufuata wa pili.
"Futi sita," akasema.
"Nilikipima nikiwa na mimba, usiku,
kwa kukosa usingizi."

Cheche ziliruka.
Rangi ya buluu ya kitanda chetu ilitoa malengelenge, ikaungua,
na harufu yake ikanitia haya
kama mtu aliyesikika akiongea usingizini.
Taa hatukuweza. Tulifunga kitambaa chekundu,
na vibandiko vya kung'aa tulivyobandua
kwenye baiskeli ya marehemu shemeji.

Jumamosi alfajiri, pikapu ya Ogwang' muuza kuku.
Malipo: mbuta wawili, wakipatikana.
Tulijibana watatu mbele, manyoya yakitupanda puani,
nami nikitazama kioo cha pembeni
kuona kama gurudumu lenye kipara lingali letu.

Tuta la kwanza, Otonglo.
Nyuma yetu kitu kikalia: kwii, kwi-kwii.
Tuta la pili, vilevile.
Sauti hiyo niliijua. Perez aliijua.
Majirani wa ukuta wa kushoto wangeijua pia.
"Beringi hiyo?" akauliza Ogwang'.
"Beringi," nikasema.
Perez akageukia dirisha, akatazama mbali,
mabega yakimtetemeka.

Deni la Mwisho iliingia majini saa tatu, chini ya jua kali,
ikitanguliza tako, bila sherehe.
Wangatia namdai subira, naye ananidai elfu moja.
Mbuta wa Ogwang' bado wanaogelea.

Sasa tunalala chini, godoro juu ya sementi.
Usiku wa kwanza palikuwa kimya mno,
hata tulisikia mtoto akimeza mate.
"Ile beringi," Perez akaninong'oneza gizani,
"usiitie grisi."